Benchi la Shukrani

Kanisani kwetu kuna mabenchi mawili ya mbele, na ugomvi wote ulianzia hapo. La kulia ni la shukrani. Ukijifungua salama, ukipata kazi, ukifaulu mtihani, ukitoka hospitali ukitembea mwenyewe, Jumapili unakaa pale, unapewa maiki, unaeleza Bwana alivyokutendea, watu wanakupigia makofi. La kushoto ni la maombi. Hapo wanakaa wagonjwa, wafiwa, walioachwa na waume na waliofukuzwa kazi, na kazi yao ni kuinamisha vichwa wakati wanaombewa. Sisi tuliokulia pale tunaliita wodi. Kati ya mabenchi hayo kuna njia, na mlinzi wa njia ni mzee mmoja wa kanisa ambaye kila mtu anamwita Mzee Ratiba, kwa sababu hata Roho Mtakatifu akitaka kushuka inabidi kwanza amtaarifu yeye.

Jumapili moja mama yangu alitaka kukaa benchi la kulia. Siku ya pili yake, Jumatatu, alikuwa anakwenda kukatwa mguu.

Mguu wa pili, tuelewane. Wa kwanza ulishakwenda.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Mtaani wananiita Mkasi, na ukiwauliza watasingizia kazi, maana mimi na mama ni mafundi cherehani, lakini najua ni ulimi. Kwa hiyo usitegemee nikusimulie haya kwa upole. Wapole wamekuja nyumbani kwetu wengi mno, na nitawafikia.

Mama alikanyaga cherehani tangu kabla sijazaliwa. Ni ile cherehani nyeusi ya zamani, ya pedali, ambayo ukitaka kuihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule unaita wanaume na bado unasaidia. Aliikanyaga peku. Viatu aliviacha mlangoni, akasema mguu ukivaa kiatu haujui kama mkanda umelegea au kitambaa kimegoma. Sasa, chumba cha fundi kina pini. Zinadondoka tunapopima magauni, tunazifagia, nyingine zinajibana kwenye nyufa za sakafu. Pini moja ikamwingia kwenye unyayo, naye hakusikia kitu, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za miguu yake kimyakimya. Alishona sketi za shule na pini iko ndani. Mpaka harufu ilipotufanya tuangalie, kidole kilikuwa cheusi. Kikakatwa kidole, ukakatwa wayo, ukakatwa mguu chini ya goti.

Kidonda kilipofunga akarudi kwenye cherehani na mguu mmoja. Nilileta mota, fundi umeme akaja kuifunga, mama akaijaribu kwenye upindo wa shuka na kusema inakimbia kabla yeye hajaamua, naomba muifungue. Akakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na safari hiyo alitii daktari, akavaa kiatu. Kiatu ndicho kilichomchubua kisigino. Peku, pini. Kiatu, chubuko. Nilimuuliza nesi, mtu afanyeje sasa, aruke? Nesi akaniambia nisiongee naye hivyo, na alikuwa na haki, lakini swali langu hakulijibu.

Daktari alitueleza kwamba kisigino kimefika kwenye mfupa na kwamba Jumatatu asubuhi atakata. Alieleza vizuri, sina neno, ila macho yake yalikuwa mlangoni. Nikasubiri mama alie. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa na leso mkononi. Mama akamtazama yule kijana wa watu na kumuuliza kama amekula tangu asubuhi, maana sura yake imechoka.

Tulipokuwa barabarani kurudi, mimi nikisukuma kiti chake cha magurudumu kando ya lami, akasema, "Jumapili nataka kukaa benchi la shukrani."

Nilisimamisha kiti palepale.

"Shukrani ya nini, Mama?"

"Ya Mungu."

"Kwa lipi? Hebu nitajie moja."

"Sukuma kwanza, mwanangu. Tumewazibia njia wenye magari."

Nyuma yetu lori lilikuwa linapiga honi. Nikasukuma, na nilisukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na yeye akashika mikono ya kiti chake na kuanza kuimba.

Huo ndio ugonjwa wake mwingine, kuimba, na huo haujapata dawa. Mama ana wimbo mmoja anaouimba akiwa na furaha, na akiwa na huzuni anauimba huohuo, kwa mwendo uleule. Mwaka tuliopewa kazi ya kushona sare za shule kubwa kuliko zote za mji wetu, kazi niliyoisotea mimi, niliyoipelekea sampuli za kola mpaka walinzi wa geti wakanizoea, nilirudi nyumbani nikikimbia. Nilitaka apige kelele. Nilitaka majirani watoke. Mama alinikumbatia, akasema Bwana asifiwe, akakaa kwenye cherehani na kuimba wimbo wake kwa sauti ileile aliyoimba wiki tuliyomzika baba. Nilinuna mpaka jioni. Nikamwambia kumfurahisha yeye ni kama kutia maji kwenye gunia.

Na alipokatwa mguu wa kwanza, alipozinduka wodini, nilisikia midomo yake mikavu ikitafuta noti za wimbo huohuo. Nilitoka nje. Kuanzia siku hiyo mimi niliacha kuomba. Sikutangaza, maana kanisani kwetu ukitangaza jambo kama hilo unaundiwa kamati. Jumapili nilimpeleka, nikakaa kando yake, watu wakifumba macho mimi nikahesabu mikunjo ya mapazia. Nilikuwa nimemnunia Mungu, na kwa tabia yangu, nikinuna nimenuna.

Sasa nirudi kwa wapole. Habari ya mguu wa pili ilifika mtaani kabla yetu. Ijumaa wakaja akina mama wa kanisa, mbele yao yule tunayemwita Mama Vigelegele, ambaye huwa anapiga vigelegele hata tangazo la kufagia uwanja likisomwa. Wakajaa chumbani, wengine wakakalia marobota ya vitambaa, na mmoja akakalia suti ya bwana harusi niliyokuwa nimeshaipiga pasi. Wakasoma mistari ile ya kufurahi wakati wote. Wakasema furaha ya mkristo haitegemei mazingira. Walisema hivyo wakiwa wamekunja miguu yao, yote, kila mmoja na miwili yake, na mmoja akawa anatikisa kandambili kwenye ncha ya kidole. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilitazama ile kandambili ikipanda na kushuka.

Nikawaambia ahsanteni kwa mistari, na kama furaha haitegemei mazingira basi anayejitolea mguu wake Jumatatu ajiandikishe kwangu. Mama akasema, "Msimjali, huyu hajanywa chai," na wakacheka kwa shukrani ya kupata pa kutokea.

Walipoondoka alibaki Mzee Ratiba, aliyekuja nao. Alikuwa amesikia habari ya benchi. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mama, akamweleza kwa heshima zote kwamba kanisa linampenda na kwamba Jumapili jina lake lipo upande wa maombi, wa kwanza kabisa, na mchungaji mwenyewe atamwekea mikono. Akipona, arudi, akae kulia, ashuhudie, na kanisa litalipuka. Lakini kushukuru kabla ya kujibiwa, akasema, kutawachanganya watu. Kuna waumini wachanga mle. Watajiuliza huyu mama anashukuru kukatwa mguu au vipi.

"Mzee wangu," mama akasema, "mimi sijasema nashukuru kukatwa."

"Ndiyo, Mama Fundi, lakini watu watakavyoelewa."

"Waulize basi wameelewaje, wakishasikia."

Mzee Ratiba akanigeukia mimi kutafuta msaada. Na hapa ndipo nilipojishangaa, kwa sababu mtu huyu simpendi, na bado nilisimama upande wake. Nilisema Mzee anasema kweli. Nilisema si haki mtu akukate kotekote halafu uende mbele za watu umwambie ahsante. Nilimwambia mama kwamba akitaka kwenda wodi nitampeleka, nitamvalisha, nitamsubiri. Akitaka benchi la shukrani atafute wa kumsukuma.

Mama akavuta uzi, akautia sindanoni, akaangalia kama fundo limekaa. "Yule wa mkokoteni wa maji ni kijana mwema," akasema. "Atanipakia na madumu yake."

Mzee Ratiba alikunja uso kujizuia asicheke. Mimi sikucheka. Nilimjua mama yangu. Alikuwa na uwezo wa kufika kanisani katikati ya madumu ya maji, amevaa gauni lake la bluu, anawapungia watu mkono.

Jumamosi nilikwenda kumpelekea bwana harusi suti yake, baada ya kuipiga pasi upya kwa sababu ya makalio ya mtakatifu wa Ijumaa. Niliporudi jua lilikuwa la utosini. Mlango wetu ulikuwa umerudishwa, na kabla sijausukuma nikasikia mama anagombana.

Sijawahi kumsikia mama akigombana. Mimi ndiye mgomvi wa nyumba ile. Yeye ni mtu wa kusema "haya" na kuendelea na kazi. Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, imekwaruza, na nikafurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu nilijua ni Mzee Ratiba amerudi na hatimaye anapewa zake. Nikaegemea ukuta kusikiliza kwa raha zangu.

"Wewe ndiye uliyenipa kazi ya miguu," mama alikuwa anasema. "Sikuomba mimi. Ungenipa kazi ya mdomo, kama ya Mzee Ratiba, ningelalamika nini? Umenipa ya miguu, nimekulelea mtoto kwa miguu hiyo, nimeshona mpaka kanzu za wanakwaya wako, halafu unakuja kuichukua mmoja mmoja kama mtu anayeng'oa vibanio kwenye kamba. Sitaki. Unanisikia? Nakwambia sitaki. Naogopa ile sindano ya mgongoni. Naogopa kumchosha huyu mtoto. Amekonda, na wewe unamwona."

Nikasukuma mlango. Hapakuwa na Mzee Ratiba. Hapakuwa na mtu. Mama alikuwa sakafuni mbele ya cherehani, kiti chake kikiwa mbali, mkono mmoja ameuweka juu ya pedali, uso umelowa na umevimba.

Nilidhani ameanguka. Nikamshika makwapani kumwinua, akanizuia, akasema ameshuka mwenyewe, kwa sababu hajawahi kuomba akiwa kitini na hataanza leo.

"Ulikuwa unaomba?" nikasema. "Kule ndiko kuomba?"

"Wewe ulidhani naomba vipi? Kama mchungaji?"

Nikakaa sakafuni, nimeshikwa na hasira hata sijui ya nani. Nikamwambia mimi nimekaa miezi yote hii nikidhani yeye haumii. Nikamwambia amenifanya nijione shetani ndani ya nyumba, mimi peke yangu ndiye ninayechukia, yeye anaimba, na kumbe na yeye anachukia.

"Nachukia sana," mama akasema. Akajifuta uso na kipande cha bitana kilichokuwa sakafuni.

"Na kesho unataka kumshukuru."

"Ndiyo."

"Mama, haiingii akilini."

Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati. Kisha akaniuliza, "Tangu huu mguu wa kwanza, umenigombeza mara ngapi? Kuhusu dawa, kuhusu kiatu, kuhusu mota?"

Nikasema sijui, kila siku.

"Umehama?"

Nikaokota pini iliyokuwa sakafuni.

"Basi. Nikimwambia daktari naogopa, ananipa kidonge cha usingizi. Nikiwaambia akina mama, wananisomea mstari. Nikikwambia wewe, utapigana na mtu. Yeye nikimwambia, ananisikiliza mpaka namaliza matusi yote, na nikimaliza nakuta bado yupo. Hapo ndipo ninapofurahi. Sifurahi kabla ya hapo, usidanganyike. Huwa napitia kwanza huko kubaya."

Nikamuuliza kwa nini basi hakufurahi siku ile ya sare za shule, siku yangu kubwa, kwa nini aliimba kama yuko msibani. Lilikuwa limenikaa kooni miaka yote hiyo.

Mama akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala. Ila sikutaka kuihamishia furaha yangu kwenye ile shule, maana shule zinabadilisha mafundi." Na kweli, mwaka uliofuata ile shule ilibadilisha fundi. "Aliyekuwa nami siku ile ndiye aliyekuwa nami tulipomzika baba yako, ndiye niliyekuwa namtukana sasa hivi. Nina wimbo mmoja kwa sababu ninayemwimbia ni mmoja. Ningejua unataka nirukeruke, ningeruka, nilikuwa na miguu yote."

Akacheka, na mimi nikashindwa kujizuia nikacheka, na mara tu nilipocheka hasira yangu ikarudi maradufu, kwa sababu nilitaka kubaki nayo na yeye alikuwa ananinyang'anya. Nikamwinua, nikamrudisha kitini. Kuelewa nilielewa. Kukubali ni kitu kingine.

Jumapili nilimsukuma mwenyewe, shingo upande. Sikutaka kuona yale madumu.

Kiti cha magurudumu hakiingii kati ya benchi la shukrani na madhabahu, pamebana. Kwa hiyo mbele ya kanisa zima nilimbeba mama yangu kama mtoto na kumkalisha juu ya benchi lenyewe, akakaa wima, gauni la bluu limefunika goti lisilo na kitu chini yake na mguu wenye bandeji. Pale alikuwepo bwana mmoja aliyenunua gari, binti aliyefaulu mtihani wa unesi, na mama kijana mwenye mtoto mchanga. Yule mama kijana alisogea kumpa nafasi. Mzee Ratiba akaja kwa hatua ndogondogo, amevaa koti tulilomshonea sisi, akainama, akanong'ona kwamba benchi ni la upande ule. Mama akamnong'oneza kwamba hana haraka, atakuwa wa mwisho. Mzee akamtazama mchungaji. Mchungaji wetu ni kijana, mpole, anamwogopa Mzee Ratiba kuliko anavyoiogopa jehanamu, akaanza kutafuta kitu kwenye Biblia yake.

Mimi nilikaa benchi la nyuma yake, nimekunja mikono.

Wakashuhudia. Bwana wa gari alishuhudia mpaka rangi ya viti. Binti wa unesi akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Mama kijana akasema maneno machache, sauti haisikiki, Mama Vigelegele akamjazia kwa vigelegele. Kisha Mzee Ratiba akanyoosha mkono kuchukua maiki na kusema kwa furaha kwamba hapo shukrani zimekamilika, sasa tunaingia kwenye maombi.

Yule mama kijana aliutazama mkono wa Mzee. Akamhamisha mtoto begani, akageuka, akampa maiki mama yangu.

"Mimi ni fundi," mama akasema. Kila mtu pale alijua, nusu yao wamevaa nguo zake. "Kesho nakatwa mguu wa pili. Siufurahii, na Mungu nimeshamwambia siufurahii, jana tuligombana sana. Sijui kama nitatoka salama. Nilikaa kwenye benchi hili nilipojifungua, nikakaa tulipopata kazi kubwa, na nikashukuru kwa sababu Mungu alikuwa pamoja nami. Bado yuko pamoja nami. Kwa hiyo naona benchi langu ni lilelile. Ahsanteni."

Hakuna aliyepiga makofi. Haikuwa dharau, watu hawakujua tu wafanye nini. Nilimwona Mama Vigelegele amefungua mdomo, mkono umeshafika kwenye midomo, ukaganda hapo. Mtoto mchanga alipiga chafya. Nikaona nyuso za watu wazima wakijaribu kuelewa, na wachache, wajane hasa, hawakuhitaji kujaribu.

Kama Mzee Ratiba angenyamaza tu, hata kidogo, nadhani tungefika nyumbani kwa amani. Lakini kimya hakimo kwenye ratiba. Akaenda kwenye maiki ya mimbari, akakohoa, akasema, "Kanisa, tunamwona mama yetu anavyojikaza. Ni majaribu makubwa. Tusimame wote tumwombee, Bwana amponye na kumrudishia furaha yake iliyoibwa."

Watu wakasimama kwa kishindo. Walifurahi kupata la kufanya. Na mimi nikasimama, lakini mimi nilikwenda mbele, nikachukua maiki kwenye mkono wa mama.

"Kaeni," nikasema.

Wakakaa. Hata mchungaji alikaa.

Nilikuwa na maneno ya kumtosha Mzee Ratiba mpaka Krismasi, niliyapanga tangu Ijumaa, yalikuwa makali na yalikuwa ya kweli. Nikamtazama mama. Hakuwa amenikunjia uso, hakunizuia. Alikuwa anasubiri tu nimalize, kwa uvumilivu, na nikajua ndivyo alivyokuwa akinisubiri miezi yote hiyo, kila siku nilipomgombeza.

"Furaha yake haijaibwa," nikasema. "Mmesikia vibaya. Ameshukuru, andikeni ameshukuru, basi. Iliyoibwa ni yangu." Sauti ikanikatika, nikaivuta tena kwa nguvu, maana sikutaka kulia mbele ya yule bwana wa gari. "Mimi ndiye mgonjwa. Sijaomba tangu wamkate mguu wa kwanza. Nakuja hapa nakaa, nafunga mdomo. Nina hasira na Mungu, na nyinyi nina hasira nanyi vilevile, na yeye ana hasira kama mimi lakini anajua pa kuipeleka, mimi sijui. Kama kuna maombi yamebaki, niombeeni mimi."

Mzee Ratiba alisimama mimbarini na midomo wazi, na naomba niseme kwa haki kwamba macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mchungaji aliinuka, akaanza kushuka ngazi akikunja mikono ya joho lake.

Mama hakumngoja. Alinivuta kwa sketi, kwa nguvu zilezile alizokuwa akinivutia nilipokuwa mdogo, mpaka nikapiga magoti mbele yake, karibu na bandeji, na harufu ya dawa ikanijaa puani. Akaweka mikono miwili juu ya kichwa changu. Mikono ya fundi ni mizito. Mchungaji akasimama pembeni na kuinamisha kichwa.

"Bwana, huyu ni wangu," mama akasema, na hakusema kwa unyenyekevu, alisema kama mtu anayedai mzigo wake kwenye kaunta. "Ana ulimi, unamjua, na anayo haki. Amenibeba asubuhi hii mgongo unamuuma na hakuniambia. Amekuwa peke yake na mimi nilimwona, nikasema atarudi mwenyewe, nikakosea. Mrudishie. Usinipe kitu kingine leo, mrudishie huyu. Akikutukana msikilize mpaka mwisho kama unavyonisikiliza mimi, wala usimkimbie."

Nililia kwa sauti mbaya, ya hasira, kamasi kwenye gauni la bluu. Nikawa nasubiri afike kwenye mguu. Hospitali ilikuwa kesho asubuhi, mchungaji alikuwa kando yetu, kanisa zima lilikuwa tayari kusema amina. Kama kulikuwa na wakati wa kuutaja, ulikuwa huo. Mama aliniombea mimi mpaka mwisho, akasema amina, na mguu hakuutaja.